Lupini haitaki joto letu, panda marejea

Aghalabu mbegu huja ndani ya sanduku la jamaa aliyetoka Uingereza. Mteja anafika kitaluni na pakiti mkononi, pichani maua yamesimama wima, buluu, waridi na zambarau, na ombi lake ni moja: tumuoteshee lupini azipange mbele ya nyumba yake ya wageni. Kazi hiyo hatuipokei.

Lupini ya bustani asili yake ni magharibi ya Amerika Kaskazini. Zile rangi za kuvutia zilitokana na uchaguzi wa mbegu wa miaka mingi wa George Russell, mtunza bustani wa York, aliyezionesha hadharani mwaka 1937. Ni mmea wa baridi: majani hufa, mzizi ukalala, kisha ukachipua upya hali ya hewa ikipata joto kidogo. Kipupwe chetu hakifiki huko. Mbegu zitaota, hilo halina ubishi, hasa ukizirowesha usiku kucha. Lakini mche ukishakuwa wa kupendeza ndipo joto linapouchosha, na masika yakiukuta huoza shinani.

Kwa walio Paje, Jambiani au Makunduchi, huku kusini-mashariki mwa Unguja, kuna la ziada: maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe yenye chokaa nyingi. Lupini hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Kwenye chokaa hushindwa kufyonza madini ya chuma, majani yakageuka manjano huku mishipa imebaki kijani. Chota udongo mkavu wa uani kwako, udondoshee siki. Ukitoa povu, chokaa ipo, na mbolea ya dukani haitaiondoa.

Tena hata huko kwao haidumu. Baada ya miaka michache shina hudhoofika na maua hupungua, ndipo mwenyewe hukata machipukizi ya chini kuotesha mingine, maana mzizi wake mrefu haupendi kuhamishwa.

Sisi tunawapa watu marejea. Ni jamii hiyohiyo ya kunde, maua yake ya manjano hupangana juu ya kijiti kilichosimama, na joto ndiyo nyumbani kwake. Zambarau hutapata, tusidanganyane. Faida yake iko chini ya ardhi: mizizi hushirikiana na bakteria kuingiza naitrojeni udongoni, na minyoo ya mizizi inayosumbua nyanya na bilingani hupungua. Kichanga kilichochoka hukivumilia. Kwenye maweni, chimba mfereji, jaza udongo mwekundu uliochanganywa na samadi iliyoiva, ndipo upande.

Mwaga mbegu vuli inapoanza au mwanzo wa masika, palepale utakapotaka ikae, kina cha sentimita 2, nafasi ya sentimita 30. Maua hutoka baada ya miezi miwili mpaka mitatu. Yakishapita, ikate yote uiache iozee hapohapo, isipokuwa michache ya mbegu. Ganda likikauka ukalitikisa likalia, chuma. Marejea haikai miaka, kwa hiyo utapanda tena msimu ujao, ila mbegu zitakuwa zako.

Wenye mbuzi na kuku wazungushie uzio: mbegu za baadhi ya marejea zina sumu kwa mifugo, kama zilivyo mbegu chungu za lupini yenyewe. Mbegu tunazo, tunapima kwa kikombe. Njoo na udongo wako kidogo kwenye mfuko, siki iko kaunta.