Risasi moja kwa kulungu na koyoti: anza na kulungu

Msimu wa kulungu ukikaribia, swali moja halikauki kwenye kaunta ya duka letu la bunduki hapa Colorado, Marekani: nina bunduki moja, nataka kulungu wa kitoweo, na koyoti akijitokeza sitaki kumwacha. Nichukue boksi lipi la risasi? Jibu letu halibadiliki. Chukua risasi ya kulungu, kisha kati ya hizo tafuta ile isiyoharibu sana ngozi ya koyoti. Kinyume chake hakifai. Koyoti akipigwa na risasi ya kulungu atakufa. Kulungu akipigwa na risasi ya koyoti huenda akajeruhiwa tu, akakimbia na kwenda kufa mahali ambapo hutamwona tena.

Linganisha miili yao. Koyoti ni jamaa wa bweha, ana kilo 10 hadi 16 hivi, na kifua chake ni chembamba. Sehemu ya moyo na mapafu unayolenga ina upana wa kama sentimita 10. Kulungu walio wengi kwetu ni wale wa masikio marefu (mule deer), na dume lililokomaa hupita kilo 90 kwa urahisi. Kabla risasi haijafika kwenye mapafu yake hupita manyoya mazito, ngozi, misuli ya bega, na pengine mfupa wa bega wenyewe.

Kwa Kiswahili tunasema risasi tukimaanisha vitu vitatu: madini, fataki nzima pamoja na baruti yake, na kile kipande kinachoruka. Hapa tunazungumzia kipande kinachoruka, na tutakiita kichwa. Kichwa cha kawaida ni kiini cha madini ya risasi kilichovikwa gamba la shaba. Uzito wake huandikwa kwa greni, na greni 100 ni kama gramu 6.5.

Watu wengi hutazama uzito peke yake. Uzito una maana, lakini kinachoamua yatakayotokea ndani ya mnyama ni gamba. Vichwa vya wanyama wadogo, ambavyo boksi lake huandikwa Varmint, vina gamba jembamba sana. Vimetengenezwa vivunjike vipande vipande mara tu vinapogusa nyama. Kwa koyoti hiyo ni sifa njema: kichwa kinaingia kwa tundu dogo, kinasambaratika ndani, na mara nyingi hakitoki upande wa pili. Kichwa hichohicho kikigonga bega la kulungu husambaratika ndani ya sentimita chache za mwanzo. Utaona jeraha pana la kutisha kwa nje, na chini yake mapafu mazima kabisa.

Tahadhari na ncha ya plastiki. Mteja huona ncha nyekundu au ya buluu mbele ya kichwa akadhani hiyo ndiyo alama ya risasi ya kulungu. Siyo. Ncha hiyo husaidia kichwa kukata hewa na kuanza kufunguka, na hupatikana kwenye vichwa vya wanyama wadogo na wakubwa vilevile. Soma maandishi ya boksi, usisome rangi.

Tuchukue kaliba (kipimo cha upana wa kichwa na mtutu) ya .243 Winchester, kwa sababu ilizaliwa kwa ajili ya kazi hizi mbili. Ilitoka mwaka 1955, na mwaka huohuo kampuni ya Remington walitoa .244 yao, inayokaribiana nayo mno kwa nguvu. Tofauti kubwa ilikuwa kwenye mifuo ya ndani ya mtutu, ile inayozungusha kichwa. Mtutu wa .243 ulizungusha kichwa mara moja katika kila inchi 10, wa .244 mara moja katika kila inchi 12. Mzunguko wa taratibu wa .244 ulivifaa vichwa vifupi na vyepesi vya wanyama wadogo, lakini vile vya greni 100 ambavyo wawindaji wa kulungu walivitaka havikutulia vizuri hewani. Wanunuzi wakaiendea .243. Mwaka 1963 Remington waliirudisha kaliba yao kwa jina la 6mm Remington, ikiwa na mzunguko wa inchi 9, lakini .243 ilikuwa imeshatawala.

Jambo hilo linakugusa hata leo. Kichwa kirefu kinahitaji mzunguko wa haraka zaidi. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba tupu huwa kirefu kuliko cha kawaida chenye uzito uleule. Ndiyo maana kwenye .243 yenye mzunguko wa inchi 10 tunashauri shaba ya greni 80 au 85, siyo 100. Ukitaka kujua kama kichwa kinatulia, piga karatasi kwenye yadi 100. Tundu la mviringo ni salama. Tundu lililorefuka, kana kwamba kichwa kilipita ubavu, maana yake mtutu wako haukiwezi. Rudisha boksi zilizobaki kabla hujazifungua.

Kwa .243, basi, tunapenda greni 90 hadi 100 za kawaida, zenye gamba linalozidi kunenepa kuelekea nyuma. Boksi la greni 100 la kiwandani hutoa mwendo wa kama mita 900 kwa sekunde mtutuni. Kwa kulungu aliyesimama ubavu ndani ya yadi 200, linatosha kabisa. Kwa koyoti, kichwa hicho kikipita katikati ya mbavu hutoka kabla hakijafunguka sana, na tundu la kutokea hushoneka. Kikigonga bega la koyoti, hapo ngozi imekwenda: tundu linaweza kufika ukubwa wa ngumi.

Shaba tupu ya greni 80 au 85 ndiyo chaguo letu kwa mtu anayejali nyama na ngozi kwa pamoja. Haivunjiki, inapenya mfupa, na kwa koyoti mara nyingi huacha matundu mawili madogo. Udhaifu wake ni kwamba inataka mwendo: chini ya mita 600 kwa sekunde hivi, vichwa vingi vya shaba hufunguka kwa shida. Ndani ya yadi 300 kwenye .243 huna sababu ya kuhofu. Tegemea pia koyoti akimbie kidogo kabla ya kuanguka, kwa hiyo usiondoe jicho pale alipoingia vichakani.

Kati ya hivyo viwili kuna vichwa ambavyo kiini na gamba vimegandishwa pamoja, na vile vya Partition ambavyo mtengenezaji John Nosler alianza kuviuza mwaka 1948, vyenye ukuta wa shaba katikati unaoizuia nusu ya nyuma isivunjike. Ni vizuri mno kwa kulungu, lakini bei yake iko juu.

Mwenye .223 hapa Colorado asihangaike: kwa kulungu haikubaliki. Kanuni zinataka kaliba isiyopungua .24, kichwa cha greni 70 au zaidi kwa kulungu, kiwe cha kufunguka, na kwenye yadi 100 kiwe bado na nguvu ya futi-pauni 1,000. Majimbo mengine yana sheria zao, na Texas huiruhusu .223. California tangu tarehe 1 Julai 2019 hairuhusu kuwinda kwa risasi zenye madini ya risasi. Kwa hiyo ukivuka mpaka, soma kijitabu cha jimbo hilo cha mwaka huo.

Suala la madini ya risasi, ambayo ni sumu, kubaki kwenye nyama tunalizungumza na kila mteja mwenye watoto. Kichwa cha kawaida kikifunguka humwaga vipande vidogo mno, vingine visivyoonekana kwa macho, na vinaweza kusambaa mbali na jeraha. Mwaka 2008 idara ya afya ya North Dakota ilishauri wajawazito na watoto wadogo wasile nyama ya kulungu aliyepigwa kwa risasi za aina hiyo. Ukitumia kichwa cha kawaida, kata na utupe nyama yote yenye damu iliyovilia pamoja na sehemu ya kutosha inayoizunguka, usiisage. Ukitumia shaba, wasiwasi huo unaondoka.

Sasa kulenga. Faida kubwa ya boksi moja kwa wanyama wote wawili ni kwamba darubini inarekebishwa mara moja. Vichwa viwili tofauti, hata kwenye mtutu uleule, havipigi mahali pamoja. Nunua boksi tatu zenye namba ileile ya toleo, yaani zilizotengenezwa pamoja, na kama ulikuwa ukitumia kichwa cha aina nyingine safisha mtutu kwanza, kisha piga tatu au tano za kuuzoesha kabla ya kuhesabu. Piga tatu tatu kwenye yadi 100, ukiacha mtutu upoe katikati. Greni 100 ikirekebishwa igonge katikati kwenye yadi 200, itakuwa kama sentimita 4 juu kwenye yadi 100, na karibu sentimita 20 chini kwenye yadi 300.

Kisha pima mtawanyiko wako. Ukiwa sentimita 4 kwenye yadi 100, utakuwa 8 kwenye 200 na 12 kwenye 300. Kwa kulungu hiyo inatosha. Kwa koyoti mwenye shabaha ya sentimita 10, usizidi yadi 200.

Koyoti aliyekuelekea ni bora kuliko aliyesimama ubavu ikiwa unataka ngozi. Ukimpiga katikati ya kifua, kichwa kinasafiri urefu wa mwili badala ya upana wake na kina nafasi kubwa ya kubaki ndani. Lakini akiwa amegeuka kidogo, subiri. Kichwa kinachopita mshazari hupasua tumbo. Na kwa kuwa risasi ya kulungu hupita ndani ya koyoti ikiwa bado na nguvu nyingi, usifyatue akiwa juu ya kilima. Nyuma yake lazima pawe na udongo unaouona.

Anayeuza ngozi nyingi kila majira ya baridi ndiye pekee tunayemshauri abebe boksi mbili: greni 55 au 58 kwa koyoti, greni 95 au 100 kwa kulungu. Achague mfuko wa kushoto kwa moja na wa kulia kwa nyingine, na aandike kwenye plasta iliyobandikwa kwenye kitako cha bunduki kila moja inapiga wapi kwenye yadi 100. Ukija dukani, andika pia kilichochongwa kwenye mtutu wako, kaliba na mzunguko. Bunduki yenyewe iache nyumbani.