Sensa ya sauti haitoi desibeli jamani

Mhariri,

Naomba kanafasi kidogo niwaambie wenzangu wanaochezea Arduino, ile bodi ndogo ya kielektroniki unayoiprogramu mwenyewe, maana mimi wiki nzima nilikuwa nailaani sensa yangu ya sauti nikidhani mbovu, kumbe mbovu ilikuwa programu niliyoandika mwenyewe. Nimeunga waya wa analogi pini A0, ile inayogeuza volti kuwa namba, nasoma, namba inakuja 512, 514, 511, napiga kofi hadi mkono unauma, bado 513!

Shida ni kwamba nilikuwa nasoma mara moja halafu naweka delay, yaani kusubiri, ya sekunde nzima. Sasa kofi linaisha kufumba na kufumbua, utalikuta wapi? Na ile 512 sio kelele, ni ukimya wenyewe, kwa sababu Uno, aina ya Arduino, inagawa volti 5 kuanzia 0 mpaka 1023 na maiki nyingi za hivi zinatulia katikati, sauti ikija namba inapanda na kushuka pande zote mbili. Kwa hiyo usichukue namba moja, soma mfululizo kwa milisekunde 50 hivi, shika kubwa kuliko zote na ndogo kuliko zote, toa ndogo kwenye kubwa. Hiyo tofauti ndo ukubwa wa sauti. Yangu ikikaa kimya inatoa 4 au 5, kofi linaruka mpaka 600 na ushee.

Ila msiiite desibeli, kile kipimo rasmi cha sauti, maana hamjapima na mita ya kweli. Na kale kaskrubu kadogo kwenye bodi ya sensa, mie nilikazungusha siku mbili bure.

Msomaji wenu, fundi wa usiku