Kwa nini mamako hapigi kura

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Huku Msambweni sote wazima, alhamdulillahi. Mvua imegoma lakini mihogo ipo. Nyanyako anakusalimu na anauliza utamletea lini ile miwani.

Juzi kwenye simu uliniuliza jambo, nami nikalipitisha kwa kicheko kwa sababu jirani alikuwa ameketi karibu. Ulisema wenzako chuoni wanahimizana kujiandikisha kwa ajili ya Agosti 2027, na wewe ukiulizwa nyumbani kwenu hali ikoje unaona haya: mama ni mwalimu mstaafu, amefundisha watoto wa watu serikali ni nini, na mwenyewe hajapiga kura tangu 2007. Basi leo nakujibu, maana si haki uendelee kuona haya kwa jambo usilolijua.

Mwaka ule nilipanga foleni tangu alfajiri. Nilipiga, nikarudi jikoni, kisha tukakaa na redio. Ghasia zilizofuata umezisoma: waliokufa walipita 1,100, na waliokimbia makwao walikuwa mamia ya maelfu. Lakini lililonimaliza ni Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, aliposema hajui kama kweli Rais Kibaki ndiye aliyeshinda. Mwenye kuhesabu hajui! Tangu siku ile nikiiona foleni ya kura mwili wangu hunywea. Sikuambii kwamba mambo ni yale yale. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais, jambo ambalo halikuwa limewahi kuonekana Afrika, nami nilifurahi kama wengine. Ila miguu haikurudi kituoni.

Nguvu niliyobaki nayo niliipeleka pale barazani unapopajua. Wewe ulikuwa ukilalamika kwamba kila ukirudi kutoka madrasa unakuta watu wasiokuhusu wamekaa kwenye mkeka wetu na bahasha zao. Wale ni watu wa kipande, yaani wanaotafuta kitambulisho cha taifa. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Mwanakombo, cha shule kimeandikwa Mwana Kombo, na karani hataki kusikia kwamba ni mtu mmoja. Mwingine babake amefariki na kitambulisho chake hakionekani. Nawajazia fomu, nawaandikia barua ya kwa chifu, na pakihitajika kiapo cha wakili nawaambia mapema ni pesa ngapi ili wasizungushwe. Sitozi kitu. Wakileta nazi, nazi hazirudishwi.

Kuna bibi mmoja Mmakonde ambaye simsahau. Mikono yake ilikuwa imekata mkonge tangu usichana, na ngozi ya vidole ilikuwa laini kabisa, haina mstari hata mmoja. Karani alimpaka wino, akaubiringisha kidole kwenye karatasi, likatoka doa jeusi tupu. Akarudia. Doa. Bibi akaanza kuomba radhi kana kwamba ameiba. Nilimrudisha nyumbani, akapumzisha mikono siku kadhaa, nikawa namsugua mafuta ya nazi usiku. Tuliporudi, vidole vingine vilikubali.

Wamakonde hao wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji enzi za mkoloni kufanya kazi kwenye mashamba, wakazaa na kuzikana hapa Kwale, na bado walihesabiwa wageni. Bila kipande hupati laini ya simu kwa jina lako, hufungui akaunti benki, na polisi akikusimamisha huna la kumwonyesha. Oktoba 2016 walifunga safari ya miguu kutoka huku hadi Nairobi, wakafika Ikulu, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe vitambulisho kabla mwaka haujaisha. Ndio wanaoitwa kabila la 43 la Kenya. Tazama basi: hawakuwa na kura hata moja, na walilipata walilolitaka. Lakini uitazame na upande wa pili, maana najua utautazama tu. Amri moja ya mtu aliyechaguliwa ilifungua mlango ambao fomu zangu zingeugonga mpaka nife.

Kwa hiyo usimwambie mtu kwamba mamako anagoma. Mgomo wa kura tuliuona Oktoba 2017. Upinzani ulisusia marudio, waliojitokeza hawakufika hata nusu ya waliojiandikisha, na Kenyatta akapata kama asilimia 98, akaapishwa Novemba. Katiba yataka mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa. Aliyebaki nyumbani haandikwi popote, si huku wala kule. Mimi nimebaki nyumbani nikilijua hilo, na ndiyo sababu sijapata kumshawishi mtu mwingine abaki.

Wale wanaosema asiyepiga kura asilalamike, waache. Sukari naitozwa ushuru kama wao.

Kichekesho ni kwamba kila kijana anayetoka barazani na kipande chake, hatua ya pili ni kwenda kujiandikisha kupiga kura. Babako huniita mpishi anayefunga. Na mimi nafurahi wakienda, usidhani nafurahi kwa midomo tu.

Ninapoyumba ni kwenye kiti cha MCA, yaani mwakilishi wa wadi. Urais wa 2022 uliamuliwa kwa tofauti ya kura zaidi ya 233,000, na kura ya mama mmoja wa Msambweni huko ni tone. Wadi ni nyingine. Huku mtu hushinda kwa kura chache, na yeye ndiye anayekaa kwenye bunge la kaunti kupitisha bajeti ya zahanati, maji na chekechea. Baraza langu halinunui dawa. Nilimwona mgombea mmoja akigawa leso na mia mbili mbili pale stendi, na wanawake niliowajazia fomu wakapokea. Sikuwalaumu, watoto wao walikuwa na njaa siku ile. Lakini nilipofika nyumbani sikula.

Wewe amua mwenyewe, una umri na una akili. Nakuomba moja tu: ukijiandikisha, usijiandikishe huko Nairobi kwa sababu ndiko chuo kiliko. Andika kituo cha huku, shule ya msingi ile niliyofundisha, na uje siku hiyo hata kama nauli ya basi imepanda. Nauli nitakutumia.

Mamako