Mkaguzi aanzie stoo, si chumba cha mikutano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Kiwanda cha dawa kinapopita ukaguzi, habari zake huandikwa kwa mtindo uleule: kimekidhi vigezo, mkurugenzi anapokea cheti, picha inapigwa. Nimefanya kazi ya ubora kwenye viwanda vya dawa za maji tangu nikiwa mchukua sampuli maabara mpaka nikaongoza ukaguzi wa ndani, na nikisoma habari hizo huwa nina swali moja tu. Huyo mkaguzi alifika stoo?

Siku ya ukaguzi naijua inavyokwenda. Tarehe inajulikana mapema, kwa hiyo wiki nzima kiwanda kinanuka rangi mbichi na kila mtu ana koti jipya. Mgeni anaketishwa chumba cha mikutano, chai inakuja, sambusa zinakuja, mafaili nayo yanakuja kwa toroli. Akimaliza kusoma taratibu za kazi, saa nane mchana imefika. Kinachobaki ni kutembezwa nusu saa na meneja anayejibu maswali yote kwa niaba ya wafanyakazi.

Mwaka 2022 watoto zaidi ya 200 walikufa Indonesia kwa figo kushindwa kufanya kazi baada ya kunywa dawa za maji. Mapipa yaliandikwa propilini glaikoli, kimiminika cha kuyeyushia dawa, kwa lebo ya kampuni kubwa inayoaminika. Ndani yake kulikuwa na ethilini glaikoli na daiethilini glaikoli, kemikali za viwandani zinazoharibu figo. Kiwanda kimoja kilichoyatumia hakikuyapima, kiliridhika na cheti cha msambazaji. Novemba 2023 mahakama ya Kediri iliwahukumu viongozi wake wanne kifungo cha miaka miwili kila mmoja. Oktoba ya mwaka huohuo wa 2022, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetoa tahadhari kuhusu dawa nne za watoto zilizokutwa Gambia na sumu hizohizo. Na Panama mwaka 2006 sumu ilifika kwa jina la gliserini, kimiminika kingine cha kutengenezea dawa za maji: ilitoka China, ikapitia Barcelona, na makaratasi yake yalisema ina usafi wa asilimia 99.5. Jina la aliyeitengeneza lilipotelea njiani, mikononi mwa madalali.

Makaratasi yalikuwepo kote huko. Anayekagua makaratasi tu angewapa alama nzuri.

Mimi nilikuwa naanza na chupa moja iliyokwisha fungwa, tayari kwenda sokoni. Nachukua namba ya toleo lake, yaani fungu la chupa zilizotengenezwa pamoja, narudi nyuma: rekodi ya uzalishaji, karatasi iliyotoka kwenye mizani yenye saa na dakika, namba ya pipa, matokeo ya maabara, daftari la getini siku lori lilipoingia. Halafu nakwenda kusimama mbele ya mapipa yenyewe. Natazama lakiri. Napitisha kidole kwenye lebo nione kama kuna nyingine chini yake. Nahesabu stika za sampuli, kwa sababu mapipa yakiwa ishirini na stika ziko kwenye matatu, yale kumi na saba hakuna anayejua yana nini. Kwa gliserini na wenzake, kila pipa linatakiwa kupimwa, na daiethilini glaikoli isizidi asilimia 0.10. Njia ya bei nafuu ipo, kromatografia ya bamba, kipimo kinachotenganisha kemikali kwenye bamba dogo, na maabara ya kiwanda inaimudu.

Na zungumzeni na mtunza stoo bila bosi wake kuwepo. Niliwahi kumuuliza mmoja kwa nini mapipa fulani yamewekwa pembeni. Akanijibu, "Mama, hayo yanasubiri majibu, ila uzalishaji wakibanwa huwa wanayachukua." Jambo hilo halikuwa kwenye faili lolote.

Kiwanda hichohicho rejista ya usafi ilionyesha mashine ya kujazia imeoshwa saa nane mchana. Rekodi ya uzalishaji ilionyesha saa nane hiyohiyo mashine inajaza chupa. Saini zote mbili ni za kijana mmoja, wino mmoja, mwandiko haujayumba hata kidogo kwa mwezi mzima. Kalamu ya mtu anayeandika akiwa kazini haiendi hivyo: kuna doa, kuna mahali amekata akaandika upya na kuweka tarehe. Rejista safi kupita kiasi hunitia wasiwasi kuliko chafu.

Kuna hili la kufunga hoja. Hoja, yaani kasoro aliyoiandika mkaguzi, ikitolewa, jibu linalorudi karibu kila mara ni kwamba mfanyakazi alisahau na amepewa mafunzo upya. Hoja imefungwa! Mwaka unaofuata inarudi vilevile, na mfanyakazi ni mwingine. Kama watu watatu wamesahau jambo lilelile, tatizo liko kwenye zamu fupi, fomu mbovu au mizani iliyowekwa mbali. Mkaguzi asikubali jibu la mafunzo mpaka aone hilo kwa macho.

TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, siilaumu. Tanzania ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya 3 ya Shirika la Afya Duniani katika udhibiti wa dawa, mwaka 2018, na hilo halikuja kwa bahati. Lakini mamlaka haiwezi kulala kiwandani. Anayelala pale ni mkaguzi wa ndani, na kwenye viwanda vingi mkaguzi huyo anaripoti kwa meneja wa uzalishaji, mtu anayedaiwa chupa kila jioni. Wenye viwanda wamwondoe hapo, aripoti moja kwa moja kwao, na aruhusiwe kuingia zamu ya usiku bila kuaga mtu.

Nanyi waandishi, mkialikwa kwenye sherehe ya cheti, ulizeni hoja ngapi zilitolewa na ngapi ni za kurudia. Ulizeni pia mara ya mwisho kiwanda kilikataa mzigo wa malighafi ilikuwa lini.

Mkaguzi wa ubora mstaafu,
Ukonga, Dar es Salaam