Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Viwanda na Biashara, Tanzania

YAH: KHANGA ZINAZOPITA BANDARINI KWA JINA LA NGUO NYINGINE

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, tunakuandikia sisi tunaochapa khanga na vitenge hapa nchini. Barua za kawaida tulishaleta. Bila shaka zimehifadhiwa vizuri kwenye faili. Sasa mzigo mwingine wa nguo za kuigiza kutoka nje umeshuka Kariakoo: michoro yetu, maneno yetu, hata alama ya kiwanda pindoni.

Kwenye makaratasi tumelindwa hasa. Katika ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, khanga, kitenge na kikoi kutoka nje ya ukanda huu zimepangiwa asilimia 50, na tangu Julai 2022 vitambaa vingi vingine vimepangiwa asilimia 35. Watu wanapita kwenye pengo hilo. Kitenge kinaandikwa kwenye kadhia, yaani hati ya forodha ya mzigo, kuwa kitambaa cha mapazia, mita zinapunguzwa, bei ya mita inashushwa hata chini ya gharama ya pamba nyuzi (pamba iliyotolewa mbegu, kabla ya kusokotwa) iliyomo. Asilimia 50 ya thamani ya uongo ni shilingi ngapi, Mheshimiwa?

Kuwakamata hakuhitaji maabara. Chomoa uzi mmoja ukingoni, uwashe. Pamba hunuka karatasi inayoungua na kuacha majivu laini. Polista hunywea, hunuka plastiki, na kuacha kidonge cheusi kigumu. Geuza kitambaa: kama upande wa nyuma umepauka, rangi haikupenya. Dondoshea maji: yakisimama juu, huenda hiyo siyo pamba. Mama anayenunua doti moja anayajua haya. Ila majora ya kukaguliwa yatolewe katikati ya kontena, maana ya mlangoni hupangwa kwa ajili ya mkaguzi.

Na tusiambiwe tena tushushe bei kwanza. Umeme ukikatika mashine ikichapa, kitambaa kinasimama chini ya skrini (wavu wa kuchapia), rangi inatambaa, skrini zinaziba. Kilichobaki ndani ya kikaushio kinageuka njano. Yote hayo ni rijekti. Rangi tunanunua kwa dola, huku sehemu kubwa ya pamba ya Simiyu na Shinyanga inasafirishwa nje ikiwa pamba nyuzi.

Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliahidi kuwa ifikapo 2019 mitumba itakuwa imeondoka. Marekani ikatishia kutuondolea AGOA, mpango wake wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru, tukarudi nyuma. Rwanda iliyoshikilia msimamo ilisimamishiwa unafuu wa nguo mwaka 2018. Hilo tulilimeza. Lakini kontena la vitenge vilivyoandikwa kwa uongo halina AGOA. Nani analiogopa? Labda mawakala ni wajanja kuliko mfumo, labda kuna mkubwa anayekula humo. Ushahidi hatuna, macho tunayo.

Hatuombi ushuru upande, wala semina, wala mkakati mwingine. Ule wa Pamba hadi Mavazi wa 2016 hadi 2020 tunao bado. Tunaomba kontena la vitambaa lifunguliwe na nguo ishikwe kwa mkono kabla kadhia haijagongwa muhuri. Lifunguliwe tu, Mheshimiwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wachapaji wa khanga na vitenge