Khon isisafirishwe bila wapiga muziki wake

Mhariri, salaam.

Nimesoma makala yenu kuhusu Khon, ile ngoma ya vinyago ya Thailand iliyoingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2018, na nimefurahi kweli gazeti la Kiswahili kuipa ukurasa mzima, ila muziki mmeupitia juu juu mno. Vinyago mmevieleza, nguo zile wanazoshonewa mwilini kabla ya kutoka stejini mmezieleza, wapiga ala wamepata nusu sentensi. Na hivo hivo ndo Khon inavotendewa siku hizi ikija huku Ulaya. Bajeti ikibana wanaoachwa Bangkok ni wapiga muziki, wachezaji wanapanda ndege na muziki unakuja kwenye fleshi.

Jamani hilo linaiua kabisa. Wanaovaa vinyago ni majitu na nyani, mdomo umezibwa, hawasemi neno, wanasemewa na wasimulizi waliokaa pembeni, na wanachofanya kinaelezwa na muziki. Kila wimbo una kazi yake. Jeshi la Thotsakan, jitu la nyuso kumi, likitoka vitani linapigiwa Krao Nai, jeshi la Phra Ram, mwanamfalme shujaa wa hadithi hii, na nyani wake linapigiwa Krao Nok, mbio na mapigano ni Choet, kilio ni Ot. Aliyekulia kwenye ngoma hii ata akifumba macho anajua nani kaingia na anaenda wapi.

Chukueni kisa cha Nang Loi. Thotsakan anamtuma Benyakai, binti wa ndugu yake, ajigeuze maiti ya Sida, mke wa Phra Ram, aelee mtoni mpaka karibu na kambi ya Phra Ram ili Phra Ram akate tamaa arudi kwao. Phra Ram anaamini, analia. Sasa yeye siku hizi havai kinyago, lakini uso wake hautikisiki, mchezaji anapeleka mkono usoni taratibu basi, kilio chote kimo kwenye zumari na sauti ya mwimbaji. Baadae Hanuman, yule nyani shujaa wa jeshi la Phra Ram, anashtuka, mbona maiti haijaoza, tena imeelea kinyume na mkondo wa maji, wanaiwekea moto na Benyakai anaruka juu na moshi akimbie, hapo muziki unabadilika ghafla na Hanuman anamkimbiza. Mimi kisa hiki nimekiona kwa muziki wa kupigwa hapohapo na nimekiona kwa spika. Kwa spika yule Hanuman alikuwa anaikimbilia rekodi, akichelewa kidogo kupinduka hewani muziki ushapita! Wakati mpiga taphon, ile ngoma ya kulaza inayopigwa kwa mikono pande zote mbili, kazi yake ni kumtazama mchezaji miguu. Taphon yenyewe Wathai wanaiheshimu kama mwalimu, inawekewa maua na ubani, alafu mtu anaona ni kitu cha kuachwa stoo.

Najua nitajibiwa gharama. Sawa, lakini kundi dogo la piphat, yaani wapiga ala wa Khon, ni watu kama sita: zumari, marimba, patu zilizopangwa duara, taphon, ngoma kubwa mbili na matoazi madogo, ongeza msimulizi. Mwaka 1885 wanamuziki wa Siam, ndo Thailand ya zamani, walikuja London na ala zao kwa meli, na ndo hapo mtaalamu wa sauti Alexander Ellis akapima sauti zao akakuta ngazi ya sauti saba zenye nafasi zinazokaribia kulingana, kitu ambacho piano haina (kwa hiyo wale wanaosema atafutwe mpiga kinanda wa hukuhuku wasahau). Mwaka 1900 likaja kundi jingine la Siam, wacheza na wapiga muziki pamoja, hapa Berlin, na mtafiti Mjerumani Carl Stumpf akawarekodi kwenye mitungi ya nta, rekodi hizo ndo mwanzo wa Phonogramm-Archiv, hifadhi ya rekodi za muziki ya hapa Berlin. Yani enzi za meli iliwezekana, leo kuna ndege tunaambiwa haiwezekani?

Shoo ikiwa fupi mi sina ugomvi, ata kile kipande cha Hanuman na nguva Suphannamatcha kinachopendwa sana huku kwa sababu hakichoshi mgeni kina utamu wake, na maandishi ya tafsiri juu ya steji yanasaidia mno. Afadhali waje wachezaji wanne na wapiga ala sita kuliko wachezaji kumi na spika.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mkitangaza shoo yoyote ya Khon, iwe huku au huko, waulizeni waandaaji muziki unapigwa na nani na mwandike jibu lao kwenye tangazo, kabla sisi hatujanunua tiketi.

Msomaji wenu,
Berlin, Ujerumani