Kompyuta ya sebuleni isiyovuma: tunachotumia tena na tunachokataa

Mteja akituletea kompyuta ya zamani na kusema, "Fundi, nataka niiunganishe na runinga, ila isiwe inavuma," mara nyingi huwa ameshanunua feni mpya. Feni nzuri tu, imefungwa vizuri, na mashine bado inavuma. Feni yenyewe haina kosa. Kuna joto ndani ya kasha na lazima litoke, kwa hiyo madabodi inaiamuru ikimbie, nayo inakimbia. Sisi tukipokea kazi ya namna hii hatuanzi na feni. Tunaanza kwa kumuuliza mteja anatazama nini.

Swali hilo huwashangaza wengi, lakini ndilo linaloamua karibu kila kitu kinachofuata. Kompyuta ya sebuleni ina kazi moja kubwa, kufungua video iliyobanwa, na kazi hiyo hufanyika kwa njia mbili. Chipu ya michoro inaweza kuwa na sehemu maalumu iliyojengwa kwa ajili ya kodeki fulani, yaani mbinu fulani ya kubana video. Hapo video hufunguliwa kwa umeme kidogo sana na prosesa hukaa karibu bila kazi. Sehemu hiyo isipokuwepo, prosesa yenyewe inakokotoa kila fremu. Ukitaka kuona tofauti, cheza faili moja ya 4K iliyobanwa kwa kodeki ya HEVC ya biti 10 kwenye mashine mbili huku umefungua dirisha linaloonyesha matumizi ya prosesa. Kwenye mashine inayoijua kodeki hiyo, matumizi hubaki asilimia chache. Kwenye ile isiyoijua, kori zote zinapanda, feni inaanza kulia, na picha inakatika vilevile. Hakuna feni ya kuponya hilo.

Kwa prosesa za Intel, ambazo ndizo tunaletewa zaidi, mpangilio uko hivi. Kodeki ya H.264, iliyojaa kwenye faili nyingi za 1080p, inafunguliwa bila shida hata na mashine za mwaka 2012. HEVC ya biti 8 ilikuja na kizazi cha 6, mwaka 2015. Kizazi cha 7 kiliongeza HEVC ya biti 10 pamoja na VP9, na AV1 ilisubiri hadi kizazi cha 11. YouTube hutoa video zake za 4K kwa VP9 au AV1, haitoi kwa H.264, ndiyo maana mashine ya zamani iliyocheza filamu zako zote kwa utulivu inaweza kuanza kuvuma ukifungua YouTube tu. Kwa mashine ya namna hiyo kuna viongezo vya kivinjari vinavyoilazimisha YouTube ilete H.264. Utaishia 1080p, lakini feni itanyamaza, na kwa runinga ya wastani ukiwa umekaa kwenye kochi sidhani kama utalalamika.

Kwa hiyo mstari wetu ni huu: anayetaka 4K, kizazi cha 7 au zaidi. Mwenye maktaba ya 1080p asipoteze fedha, chochote kilicho hai kitamtosha.

Kizazi cha 7 kimeanza kupatikana kwa wingi, na si kwa bahati. Windows 10 iliacha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, ukiacha vighairi vichache, inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu. Ofisi zinaondoa mashine ambazo hazina ugonjwa wowote. Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre, zote hizi zinatoka na prosesa, ramu na kasha la chuma lililotulia. Linux, mfumo endeshi wa bure tunaouweka badala ya Windows, haijali orodha ya Microsoft.

Katika hizo kuna vile vidude vidogo vinavyokaa kiganjani na kuna makasha ya wastani. Wateja hupenda vidogo. Vina faida ya kweli moja: umeme wao unatoka kwenye adapta ya nje, kama ya laptopu, kwa hiyo hakuna pawa saplai yenye feni yake. Lakini ndani kuna kifeni chembamba ambacho kikipata kazi kinatoa mlio mkali, wa juu, ule unaopenya katikati ya mazungumzo ya filamu. Meza yako ya runinga ikiwa na nafasi, chukua kasha la wastani. Prosesa zenye herufi T mwishoni, mfano i5-7500T ya wati 35 dhidi ya i5-7500 ya wati 65, zinasifiwa sana na wauzaji. Ni nzuri, ila usilipe zaidi kwa ajili ya hiyo herufi. Wati hizo ni za prosesa ikibanwa na kazi nzito. Video ikifunguliwa na sehemu yake maalumu, tofauti kati ya hizo mbili ni ndogo mno.

Baada ya hapo ndipo tunaifungua mashine. Ukiondoa feni ya prosesa utakuta vumbi limejipanga juu ya mapezi ya kipoza joto, tabaka la kijivu unaloweza kulibandua zima zima kwa kucha. Ukilitazama kasha kwa nje tu hulioni, maana liko chini ya feni. Grisi ya kupitishia joto nayo imekauka, inapukutika. Kusafisha na kupaka grisi mpya peke yake kumemaliza malalamiko mengi ya kelele hapa kwetu, bila kununua kitu kingine. Ukijaribu nyumbani, zuia feni isizunguke unapopuliza hewa, na kama prosesa ni AMD ya pini za chini, washa mashine dakika kadhaa kwanza ili grisi ilegee, kisha izime, uchomoe waya wa umeme, ndipo uzungushe kipoza joto kushoto na kulia kabla ya kukinyanyua. Ukikivuta moja kwa moja, kinaweza kutoka na prosesa yake, pini zimepinda.

Feni sasa. Kelele ya feni hupanda haraka kuliko mwendo wake. Ukiupunguza mwendo hadi nusu, hewa inapungua nusu, lakini sauti inashuka kwa takriban desibeli 15, na sikio husikia kushuka kwa desibeli 10 kama sauti imepungua nusu. Hesabu hiyo ndiyo inayofanya feni pana ya milimita 120 inayokwenda taratibu kushinda ya milimita 80 inayokimbia, hata kama zote zinatoa hewa ileile. Yenye pini 4 inaongozwa na madabodi yenyewe kulingana na joto. Yenye pini 3 hupunguzwa kwa kushusha volti kutoka 12, na ukishusha hadi 5 baadhi hazianzi kuzunguka kabisa. Angalia pia umbo la kiunganishi. Baadhi ya watengenezaji wa mashine za ofisi walitumia kiunganishi chao wenyewe, na ukichomeka feni ya kawaida mashine itagoma kila unapoiwasha ikidai feni imekufa. Kuna waya za kubadilisha, zinatatua.

Feni ya zamani tunaijaribu ikiwa haina umeme: tunaizungusha kwa kidole karibu na sikio, kisha tunaitikisa kitovu. Ikikwaruza au ikicheza, inakwenda kwenye chuma chakavu. Kuna wanaotia mafuta. Itanyamaza kwa muda, halafu itarudi kukwaruza usiku umekaa na wageni. Feni ndiyo sehemu tunayomshauri mteja anunue mpya bila kubishana.

Nyingine ni pawa saplai, na hapa hatulegezi. Kapasita zikivimba juu, au kama haijulikani imefanya kazi miaka mingapi na wapi, hatuifungi. Wala hatuifungui kubadilisha feni ya ndani kwa ajili ya kupunguza kelele, na tafadhali usifanye hivyo nyumbani: kapasita kubwa ya upande wa umeme wa ukutani inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya. Pawa saplai za mashine za ofisi mara nyingi huwa na umbo na viunganishi vyao, hivyo mbadala wake tunautafuta kwa namba ya modeli.

Diski ni suala fupi. Mfumo unakaa kwenye SSD, diski isiyo na kinachozunguka, hata ndogo, basi. SSD ya mtumba tunaisoma kwanza rekodi zake za SMART, ambazo diski hujiwekea kuhusu afya yake. Filamu zikiwa nyingi mno, heri diski ya zamani iwekwe kwenye mashine nyingine chumba cha mbali na zisomwe kupitia mtandao wa nyumbani. Mteja akisisitiza iwe ndani ya kasha, tunaifunga kwa raba, kwa sababu diski inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika hutikisa chuma kizima. Jaribu mwenyewe: bonyeza kiganja ubavuni mwa kasha. Mvumo ukibadilika au ukikoma, ni bati linalotetema. Na badilisha betri ya CR2032 kwenye madabodi hata kama haijaleta shida. Ikifa, saa ya mashine inarudi nyuma miaka, tovuti zinakataa kufunguka kwa madai ya vyeti vya usalama, na utailaumu intaneti.

Kuna mtego mmoja wa waya. Mashine nyingi za kizazi cha 7 zina HDMI ya 1.4, inayofikisha 4K kwa hezi 30 tu. Filamu nyingi ni fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo zitacheza sawasawa ukiiruhusu programu ilinganishe mwendo wa skrini na wa video. Ukitaka hezi 60, tumia tundu la DisplayPort na adapta ya aina ya "active" ya kwenda HDMI 2.0. HDR, picha yenye mwanga na rangi pana zaidi, usiitarajie kwenye tundu hilo la 1.4.

Kwa programu tunaweka LibreELEC, Linux ndogo ambayo huwaka moja kwa moja ndani ya Kodi, programu ya kuchezea video, na kutosheka na ramu ya GB 4. Anayetaka kivinjari tunamwekea Linux kamili na GB 8, ikiwezekana vipande viwili vya ramu vinavyolingana, maana michoro ya ndani hutumia ramu hiyohiyo. Rimoti ya runinga kwa kawaida haitaiongoza kompyuta kupitia HDMI. Utahitaji kipokezi cha USB au kibodi ndogo isiyo na waya.

Na kuna wateja tunaowarudisha. Kama unachotazama ni huduma za kulipia kila mwezi tu, nyingi hupunguza ubora wa picha kwenye kompyuta, hasa ya Linux, kwa sababu za ulinzi wa hakimiliki. Kidude kidogo cha kuchomeka nyuma ya runinga kitakupa 4K bila feni hata moja. Kompyuta hii ni ya mwenye faili zake.

Ukija, lete mashine na waya wake, picha ya lebo ya prosesa, na picha ya matundu ya nyuma ya runinga yako. Faili moja au mbili kati ya zile unazozitazama sana zitie kwenye flashi. Ndizo tutakazojaribia, chumba kikiwa kimya. Diski yako ya zamani tunakurudishia mkononi au tunaifuta mbele yako, uamuzi ni wako.